Mahudhurio Arobaini

Jumatatu, 24 Novemba
Balaa! Karani wa kituo cha zimamoto amenifungulia daftari. Mwaka wangu wa ishirini wa kujitolea unafungwa Jumapili, nami nina mahudhurio thelathini na saba. Yanatakiwa arobaini, ya mazoezi au ya moto. Likipungua hata moja, mwaka hauhesabiwi, na bila miaka ishirini hakuna pensheni. Mke wangu anasema nisimlaumu mtu, siku za mazoezi nilikuwa nauchapa usingizi. Uongo! Nyingine nilikuwa natazama mpira. Kinyozi, tuliyejiunga naye siku moja, anayo hamsini na mawili na anamtangazia kila mteja.

Jumanne, 25 Novemba
Zoezi la uokoaji. Kapteni akauliza nani atakuwa majeruhi. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Kulala kwenye machela, kubebwa, kusaini. Kichwa changu kinachemka! Kinyozi akanibwaga mara mbili, akadai mikono ilikuwa na jasho. Mwishoni nikaomba kalamu. Karani akasema wanaosaini ni waokoaji; majeruhi huandikwa ukurasa wa vifaa. Nikachungulia. Kweli nipo, kati ya ngazi na ndoo mbili.

Jumatano, 26 Novemba
Hakuna moto. Mji umetulia kupita kiasi. Nimeshinda kituoni nikinusa hewa. Jioni nikamkuta shemeji anachoma takataka uani. Nikamwambia moto ukimshinda kidogo tu, asisite kupiga simu. Akaniuliza kama nina akili timamu. Shemeji hana huruma hata chembe.

Alhamisi, 27 Novemba
King'ora! Jiko la mwoka mikate linawaka! Mbio! Nikavaa buti mbili za kushoto, moja yangu, moja ya Kinyozi, nikawa wa kwanza garini. Kinyozi akabaki kituoni na mbili za kulia, akitukana. Moto tumeuzima, mwoka mikate mzima wa afya. Thelathini na nane! Vidole vinauma, roho nyeupe.

Ijumaa, 28 Novemba
Karani katoka kunywa chai, kaacha daftari wazi. Jamani, na mimi ni binadamu. Nikasaini mazoezi ya kesho na keshokutwa. Arobaini! Nyumbani nikamwambia mke wangu pensheni iko mfukoni. Alinikumbatia mbele ya jirani. Nimefurahi mpaka nimeosha vyombo.

Jumamosi, 29 Novemba
Gari limepelekwa gereji. Mazoezi yote yamefutwa. Kwa mujibu wa daftari, aliyehudhuria kituo kizima ni mimi peke yangu, leo na kesho. Kapteni akataka kujua nimefanya zoezi gani. La kupanda ngazi, nikasema. Ngazi iko juu ya gari, akasema. Amenifuta kwa wino mwekundu. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameshawaambia dada zake wote. Hilo limeniuma kuliko vidole.

Jumapili, 30 Novemba
Mwaka umefungwa. Thelathini na nane. Kapteni, Mungu ambariki, ameniruhusu kuurudia mwaka wa ishirini kuanzia kesho. Mke wangu amesema sawa, lakini mara hii ndiyo ya mwisho. Nikamwapia.

Na bahati imenifuata yenyewe! Karani, ambaye ni mwajiriwa wa kituo, amestaafu leo. Kapteni akauliza nani atajitolea kushika daftari mwaka mzima. Mkono juu! Kinyozi alinipigia makofi kuliko wote. Kumbe ana roho nzuri.

Wakati wa kunikabidhi kalamu, Karani alinieleza kwamba mshika daftari hubaki kituoni wengine wakienda mazoezini na kwenye moto, na kwamba miaka yake yote ya kazi hajawahi kuliandika jina lake hata mara moja.

Maskini mama wa watu. Kalamu mkononi miaka yote hiyo, asijiongeze!