Uzinduzi wa Kikundi cha Walioacha Pombe, Oued Sfaya

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Gavana, Mheshimiwa Kaimu Mkurugenzi wa Ustawi, mwenyekiti wa chama cha wakamua zeituni, imamu wetu mtukufu, ambaye yupo ingawa amesema hayupo, kamanda wa polisi na pikipiki yake mpya, mke wangu, shemeji yangu, wadau wa maendeleo, walevi wapendwa, mabibi na mabwana! Kama kuna mkubwa nimemsahau, ajihesabu ametajwa. (Makofi, mstari wa mbele tu.)

Mimi, Abdelwahab Ben Romdhane, mkuu wenu wa wilaya, nasimama hapa siku hii ya mwisho ya Idi, mkiwa bado na sukari ya keki za tende midomoni, kuzindua rasmi, kwa mujibu wa mpango mkakati shirikishi wa awamu ya pili, kikundi cha kwanza Tunisia nzima ambacho ndani yake watu walioacha pombe watakaa pamoja, watazungumza, watasaidiana, na watanishukuru. (Sauti: "Kinakutana wapi?") Nitafika hapo. Hotuba ina utaratibu wake.

Wataalamu walinishauri kwamba anayeacha pombe hapendi kuonekana. Nikaagiza usiri uzingatiwe kikamilifu. Ndiyo maana mnaona bango hili la mita nane, lenye picha yangu, lenye taa, na mshale mwekundu ulioandikwa WALEVI PITIA HAPA, ili asiyetaka kujulikana asihangaike kuuliza njia. (Vicheko.) Chekeni tu, hamjazoea utaalamu.

Na takwimu hazidanganyi. Mwezi uliopita, chini ya uongozi wangu, ulevi katika wilaya hii ulishuka kwa asilimia tisini na saba! (Sauti: "Ilikuwa Ramadhani, Bwana Abdelwahab! Baa zote zilifungwa!") Zilifungwa chini ya uongozi wa nani? Haya. Asilimia tatu iliyobaki ni watalii na shemeji yangu.

Nani huyo ananyoosha mkono? Aa, Nejib, fundi plasta! Simama, mwanangu, watu wakuone. Ndugu zangu, huyu ndiye aliyeanguka kwenye sufuria la kuskusi harusini kwa binamu yake! Usione haya, Nejib, uko kwenye usiri.

(Nejib: "Mkuu, mimi kila mwaka naacha siku arobaini kabla ya mfungo, kama wanywaji wote wa hapa. Nafunga vizuri, naswali, Idi ikiisha narudi kule kule. Kesho duka la pombe linafunguliwa. Mke wangu ameshafungasha nguo za watoto, yule pale getini na watoto na begi lake, anangoja aone nitakwenda wapi. Nataka mtu wa kukaa naye kesho jioni, basi. Nionyeshe mlango.")

Mlango! Jamani, watu wetu na milango! Mlango ni miundombinu, Nejib. Sisi bado tuko kwenye dhana. (Sauti ya mwanamke: "Mjibu mtoto wa watu! Nyuma ya utepe huo unaotaka kukata kuna nini?") Nyuma ya utepe, mama, kuna ukuta wa posta, lakini utepe ni wa hariri. Kutakuwa na ukumbi wenye kiyoyozi, mwezeshaji kutoka ng'ambo, kahawa, semina elekezi, na semina ya kutathmini semina! (Makofi ya mtu mmoja.) Asante, mke wangu.

Samahani, huko nyuma kuna nini? Mama Mabrouka, wewe muuza mikate, unaburuta kiti unakipeleka wapi? (Mama Mabrouka: "Nakwenda kukaa na Nejib. Mume wangu alikufa kwa chupa, hakupata hata mmoja wa kukaa naye.") Poleni, poleni sana, lakini viti vinatakiwa vitazame jukwaa! Mbona mnavigeuza? Mbona mnavipanga duara? Kamanda, nenda kawatawanye! Vizuri, anakwenda. Kamanda... kofia umeivulia nini? Kamanda, umekaa? (Minong'ono.) Imamu, wewe ulisema hujaja, sasa mbona unaondoka na kiti? Shemeji! Hata wewe, shemeji, mbele ya dada yako?

Basi nihitimishe kabla sijabaki hapa jukwaani na maua ya plastiki tu. Semeni nami: Oued Sfaya bila pombe! (Viti vinaburutwa.) Usiri oyee! Nawashukuru wote waliofanikisha kikundi hiki, hususan kamati ambayo bado haijateuliwa, ukumbi ambao haujatafutwa, na mwezeshaji ambaye hatujamwandikia, na nawaahidi kwamba kikundi hiki kisichokuwepo nitakizindua tena mwakani, Ramadhani, takwimu zikiwa nzuri.

(Mama Mabrouka: "Kesho kwangu, jamani, nikishazima tanuri. Nejib, wewe utaleta chai.")

Nani amempa ruhusa ya kutangaza mikutano? Viti hivyo ni vya kukodi! Na wewe mama pale getini, mwenye watoto, unaingia kufanya nini? Mbona unatua begi? Hapa si stendi ya basi!