Safu ya Majina

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimejitolea kuandika makaburi. Mimi! Mimi ninayezunguka njia ndefu ya soko ili nisione hata kivuli cha msalaba.

Sababu ni nkambo, bibi yangu. Pasteur Émile ametangaza kwamba makaburi ya zamani nyuma ya kanisa la matofali, kule njia ya Luena, yatajengewa ukuta. Kaburi litakaloandikwa kitabuni kabla ya siku ya Mungu, Jumapili hii, litabaki. Lisiloandikwa, msingi unaweza kupita juu yake. Nkambo Ndaya amelala pale. Njo yeye aliyenilea, akanikatia bukari, ugali wetu, na kuniachia mboga zote. Hana msalaba. Ana beseni la buluu tu, limetobolewa, kama wanavyowekewa wote wa zamani.

Shida: mabeseni ya buluu ni mawili. Moja liko karibu na kanisa, salama. Lingine liko ukingoni, pale pale mafundi walipokwisha kuvuta kamba ya ukuta. Nilikuwa na miaka saba walipomzika. Nililia tu, sikuangalia mahali.

Na Mama Tamar, mkubwa wa kwaya, anasema lile la salama ni la shangazi yake.

Kwa hiyo nimejitolea. Mwenye kalamu atachagua beseni! Éphraïm, mume wangu, alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza: weye unaogopa hata kuku ya jirani, njo utaenda kuhesabu bantu ya kufa?

Nitaenda. Nikifika nitafumba macho.

Jumatano, 16 Julai

Huwezi kuandika ukiwa umefumba macho.

Makaburi thelathini na moja. Mtoto wangu Ndaya mgongoni, wimbo mdomoni, miguu tayari kukimbia. Kwenye kaburi la tisa kitu kikanishika kikwembe nilichojifunga kiunoni. Nikapiga kelele. Nikaomba msamaha kwa Kiluba, halafu kwa Kifaransa, pengine huyo marehemu alikuwa amesoma. Ilikuwa miiba. Ndaya akacheka. Anacheka kama nkambo, bila sauti, mabega tu.

Karatasi zimechapwa mbali, kwa Kiswahili cha vitabu. Safu mbili. Ya kwanza KABURI. Ya pili MAJINA. Nikafurahi! Kumbe wakubwa wanajua mambo yetu. Majina, kwetu, si yule aliyepewa jina lako? Wanataka kujua leo nani anabeba jina la kila marehemu. Na majina ya nkambo ni nani? Ni Ndaya wangu! Mama Tamar atamtoa wapi wa kwake?

Nikaandika. KABURI: nkambo Ndaya, beseni la karibu na kanisa. MAJINA: Ndaya, miezi nane.

Nikafunga kitabu haraka. Vumbi, bila shaka.

Ijumaa, 18 Julai

Nyumba kwa nyumba, natafuta majina ya kila marehemu. Mgongo umekwisha. Lakini watu wanafurahi! Wakisikia wataandikwa, wanakuvutia kiti. Katekista wa zamani aliitwa Émile, na pasteur wetu ni majina yake. Nimemwandika. Papa Kalunga, shemasi, naye nimemwandika.

Mama Tamar alinivamia kwenye pompe ya maji. Akasema: Mama Ndaya, minasikia unatafuta majina. Shangazi yangu njo alinipa jina lake! Andika Tamar, tena na herufi kubwa! Nikamjibu kwamba beseni la kanisani limekwisha kupata mwenyewe, achukue la ukingoni. Akasema mukono yangu iko na kalamu lakini haiko na akili.

Nimemwandika kwenye la ukingoni. Kwa herufi kubwa, kama alivyotaka.

Jumapili, 20 Julai

Mungu wangu. Mungu wangu.

Alikuja mchungaji mgeni kutoka Lubumbashi. Hajui mtu hapa. Akaomba kanisa lisimame kuwakumbuka marehemu, akafungua kitabu changu, akasoma safu ya MAJINA.

Akasema tumkumbuke marehemu Pasteur Émile. Pasteur Émile ndiye aliyekuwa amemshikia mikrofoni! Akasema marehemu Kalunga. Papa Kalunga akaketi, akajipapasa kifua. Akasema marehemu TAMAR. Mama Tamar akaitika kutoka kwenye kwaya: minyi huyu hapa, sijakufa! Mgeni akamwomba kwa upole amwache marehemu apumzike.

Watu walicheka hadi benchi zikalia. Kisha mgeni akasoma: Ndaya, miezi nane. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

Kicheko kikakatika. Wote wakageuka, wakaniangalia mgongoni.

Nje, pasteur alinieleza kwamba katika Kiswahili cha vitabu majina ni jina lote la mtu mwenyewe, si la yule anayelibeba leo. Sikumsikia vizuri. Mtoto wangu ameitwa pamoja na wafu, kwa mikrofoni.

Jumatatu, 21 Julai

Ndaya ana joto. Hanyonyi. Anauma ngumi zake na kulia.

Nimejua. Kule chini wamelisikia jina.

Éphraïm akasema twende dispensaire. Nikasema kesho, leo kwa nkambo. Nikaenda peke yangu na mtoto, nikapiga magoti kwenye beseni la karibu na kanisa. Nikamwambia nkambo: majina yako niachie, mimi sina mwingine. Nikaligeuza beseni nilisafishe.

Nkambo alikuwa anakwaruza mistari mitatu chini ya kila chombo chake, ili wenzake kisimani wasikibebe. Chini ya hili hapakuwa na kitu.

Nikakimbia ukingoni. Nikageuza la pili. Moja, mbili, tatu.

Kumbe nimemwomba shangazi ya Mama Tamar! Na nkambo yangu nimemwandika kwenye kaburi la mwingine, na kuacha kamba ipite juu ya kifua chake.

Jumanne, 22 Julai

Muuguzi alitia kidole kinywani mwa Ndaya, akakitoa haraka. Ameng'atwa.

Halikuwa jina. Lilikuwa jino!

Nilicheka, nikalia, nikasahau kandambili moja pale pale. Nikaenda moja kwa moja makaburini. Mafundi walikuwa na majembe. Nikaketi kando ya nkambo, nikamtoa Ndaya mgongoni, nikamnyonyesha. Nikawaambia kamba ipite pengine, mimi siondoki. Wala sikufumba macho.

Mama Tamar akafika. Nikamwambia yote, hata mambo ya kalamu. Akasema: si nilikuambia? Akanitukana vizuri, kwa mpangilio. Halafu akaketi kando yangu. Akawaambia mafundi kwamba yeye pia ameandikwa kwenye kaburi hili, na herufi kubwa, hakuna muntu atamujengea ukuta juu ya kichwa.

Kamba imesogezwa. Ukuta utakuwa na kona. Nkambo atabaki ndani.

Alhamisi, 24 Julai

Pasteur amenisamehe. Tena amenipa kazi nyingine! Niandike wale watakaojitolea kujenga ukuta, wataitwa Jumamosi asubuhi. Karatasi ni zile zile. Safu moja: MAJINA.

Safari hii nimekuwa na akili. Nimeona jinsi walio hai wanavyokasirika kusomwa, kwa hiyo sikuandika hata mmoja. Nimemuuliza kila aliyejitolea jina lake lilitoka kwa nani, nikawaandika hao. Wote walikufa zamani. Hakuna atakayelalamika!

Pasteur atawaita mmoja mmoja, kwa mikrofoni, pale mlangoni mwa makaburi. Nimeandika kwa herufi kubwa, ili kila mmoja asikie vizuri na aje.