Lori Langu Limeokoka Bila Ruhusa Yangu

Makambako,
Julai 2006.

Kwa Mchungaji Filemoni,
Njombe.

YAH: KULIONDOA LORI LANGU KATIKA USHARIKA WAKO

Kamwene, Baba Mchungaji. Mimi ni Bashiru, Mwislamu, msafirishaji wa viazi. Nakuandikia kwa heshima zote, uso nimeukunja kidogo tu, kuhusu dereva wangu Elius, muumini wako.

Soko huria limetuletea kila kilichochoka Ulaya, na mimi nikapata lori lenye chujio la moshi. Chujio hilo hukamata masizi, kisha huyachoma lenyewe, ila mpaka lipate joto la kushinda tanuri la matofali. Kwa safari za kuchechemea mashambani joto hilo halipatikani. Linataka lami na mwendo, bila kusimamasimama. Likikosa, taa huwaka kwenye dashibodi na neno la Kizungu: "Regeneration". Elius akalipeleka neno kwa mwinjilisti wenu, ambaye Kiingereza chake chote kimetoka kwenye vitabu vya dini. Jibu likarudi: kuzaliwa mara ya pili.

Tangu hapo nalalamika hivi:

1. Taa ikiwaka, Elius huacha mzigo kijijini Yakobi, akalikimbiza lori tupu hadi Makambako lizaliwe. Juzi mke wangu Hamisa alilipungia mkono njiani, manyunyu yanamwishia mwilini. Elius akachungulia dirishani: "Mama, nisamehe, linazaliwa!" Hamisa alifika kwa miguu. Aliyelala na njaa ni mimi.

2. Siku Elius akilizalisha kwa kitufe, limesimama uwanjani kwa kanisa, linanguruma, wanakwaya wako hufanyia mazoezi nyuma yake kwa sababu ya joto. Sikatai, baridi ya Julai naijua. Lakini kabichi za Mama Dorika, jirani wa kanisa, zimepigwa na joto la bomba la moshi zikaiva zikiwa bado shambani, na anayetakiwa kutoa maelezo ni mimi.

3. Wakulima hawapakii tena Jumapili. Eti lori lililookoka linapumzika. Mimi ninayelinywesha dizeli sikuulizwa.

4. Msikitini wananiuliza kama Ramadhani ikija lori litafunga na sisi, au litasubiri Kwaresima.

Kumfukuza Elius siwezi. Ndiye dereva pekee ambaye hajawahi kuninyonyea mafuta, na nampenda kama mdogo wangu. Basi liandikie lori barua ya kuhama usharika, kama mnavyowaandikia waumini wengine, lirudi kuwa chuma. Ikishindikana, naomba kiti katika baraza la wazee wa kanisa, kwani mali yangu ni muumini na mimi sina mwakilishi.

Nisalimie Mama Mchungaji, kwaya nzima, na Mama Dorika ukimkuta amepoa.

Ni mimi, mwenye lori ila si mwenye roho yake,
Bashiru

N.B. Kabla sijaitia barua posta, fundi Silvesta alinishauri tukate chujio, nikakubali upesi. Hata balbu ya taa akaing'oa. Sasa lori linatapika moshi mweusi kilima kizima, na wakulima hawalitaki; wanasema limerudi nyuma. Elius ameniletea ufunguo kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, kwamba hawezi kuendesha kilichoasi. Viazi vinachipua na mimi nimeumia kweli. Silvesta yuko chini ya lori sasa hivi anachomelea chujio. Baba Mchungaji, yote ya juu yafute. Njoo ulipokee tena, Elius akiona. Likihitaji msimamizi wa ubatizo, andika jina langu.