Mieleka ya Ijumaa, Macho ya Jumatatu

Jumapili, tarehe 3 Machi

Baba mkwe ametangaza mbele ya wateja watano, mimi nikiwa na wembe shingoni mwa mtu, kwamba magoti yake yamechoka kusimama. Ijumaa, mieleka ikiisha, atakabidhi funguo za saluni. Kwangu au kwa Mpole. Kwangu AU kwa Mpole! Mimi niliyemwoa binti yake!

Mpole ni kinyozi wa kiti cha pili. Jina hilo tumempa sisi, kwa sababu haongei, ananyoa tu. Wateja wanasema mkono wake mwepesi mpaka wanasinzia. Kwangu hasinzii mtu. Kila anayekaa kwenye kiti changu hukaa macho, analinda sikio lake. Lakini mimi nina kitu ambacho Mpole hana na hatakipata.

Naandika hapa kwa sababu daftari hili nalificha kwenye boksi la mashine mbovu. Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni tunageuza viti vya saluni vielekee televisheni, na nusu ya mtaa inaingia kutazama Ulingo wa Moto. Baba mkwe anakaa mbele kabisa. Kabla kipindi hakijaanza ananiuliza leo naona nini. Nafumba macho. Nashusha pumzi. Natamka mshindi. Miaka miwili sijakosea hata mara moja! Baba mkwe anasema nina macho ya ndani. Ndiyo maana mezani nakaa upande wake wa kulia, na mashemeji wananiangalia kwa jicho baya.

Macho ya ndani yako sebuleni kwa Dada yangu, upande wa pili wa mji. Dada ana king'amuzi cha kulipia, na huko kipindi hichohicho huonyeshwa Jumatatu alasiri, siku nne kabla hakijafika saluni. Jumatatu vinyozi tunapumzika. Basi kila Jumatatu naaga kwamba naenda kumjulia hali Dada, mguu unamsumbua. Mguu wa Dada hauna neno. Miaka miwili Baba mkwe anautumia salamu.

Wiki hii wanagombea mkanda wa ubingwa. Bwana Harusi dhidi ya Mzigo, na Bwana Harusi akishindwa anastaafu. Maoni yangu ni kwamba mtu anayeingia ulingoni na suti nyeupe, akaivua, akaikunja vizuri kabla ya kupigana, huyo kalelewa. Mzigo hata refa hamsalimii. Baba mkwe anampenda Bwana Harusi kuliko baadhi yetu.

Jumatatu, tarehe 4

Balaa! Dada kanizuia mlangoni. Eti bado sijatengeneza mkono wa kochi lake niliouvunja Jumatatu iliyopita. Nilikuwa namwonyesha shemeji, mume wake, jinsi ya kumbwaga mtu kutoka juu ya kamba. Nilimweleza kwamba ni ajali ya kikazi. Akasema nirudi na fundi seremala, au nisirudi kabisa, akanifungia mlango. Ndani nilisikia muziki wa Bwana Harusi ukianza.

Ningefanya nini? Nilizunguka nyuma, nikapindua ndoo, nikasimama juu yake kwenye bustani ya maua, pua kwenye dirisha. Shemeji alikuwa amenipa mgongo. Sauti haikusikika, ila picha nzuri. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akaniuliza natafuta nini kwenye dirisha la watu. Nikamwambia nasafisha kioo. Mwanamke mkarimu kupita kiasi! Kaniletea kitambaa na maji ya sabuni, halafu kasimama palepale kuona kama najua kazi. Basi nikasugua. Mechi ya mwaka nimeitazama kupitia povu.

Lakini nimeiona! Kati ya watazamaji wa ulingoni, mwanamke mmoja wa kofia ya manjano alizimia kwa msisimko, akaangukia bisi za aliyekaa kando yake. Refa alivuka kamba vibaya, kiatu cha kushoto kikamtoka, akainama kukitafuta. (Marefa wa mieleka! Kila jambo la maana hutokea wakiwa wameangalia kwingine. Mimi ningeajiri wawili, wapeane migongo.) Hapohapo Mzigo akachomoa kiti chini ya ulingo, akampiga nacho Bwana Harusi mgongoni. Moja, mbili, tatu. Mkanda ukainuliwa. Na ndoo ikateleza.

Nimeanguka juu ya maua ya Dada. Nimekimbia na kitambaa cha watu mkononi. Nyonga inauma, lakini jibu ninalo. Mzigo bingwa.

Jumanne, tarehe 5

Sikulala vizuri. Jibu ninalo, ila ni jibu gani hili? Nikisema kweli, namvunja moyo mzee siku anayotoa funguo. Nikisema uongo, miaka miwili ya heshima inakwenda na maji.

Mke wangu, anayeijua siri yangu, kasema niseme sioni kitu, kuna ukungu. Halafu akaongeza kwamba wale watu wanaigiza tu, sijui tunahangaika nini. Kuigiza! Mtu anaanguka kwa mgongo kutoka juu ya kamba, anaigiza? Aigize yeye kuanguka kutoka kitandani, tuone. Tumenuniana mpaka chai ya jioni.

Leo Mpole kaja na mto wake mpya wa kuwekea wateja kichwa. Mto! Nimemwambia saluni si chumba cha kulala. Kanitabasamia. Mtu anayetabasamu namna ile ana mipango.

Jumatano, tarehe 6

Nimepata njia! Nitamwambia mapema, azoee machungu, na nitamwambia kwa undani ambao hajawahi kuusikia. Ijumaa atakuwa ameshalia akamaliza, atabaki na mshangao tu. Mtu mwenye mshangao hutoa funguo.

Nimemwambia saa nne, wakati wa chai. Nilifumba macho, nikatetemesha mikono kidogo. Nikampa kofia ya manjano. Nikampa bisi. Nikampa kiatu, na kwamba ni cha kushoto. Nilipofika kwenye kiti na moja-mbili-tatu, Baba mkwe aliweka kikombe chini taratibu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema naona kama niko palepale ulingoni. Akaniuliza kama Bwana Harusi ameumia sana. Hilo sikulitegemea. Nikasema kidogo tu, mgongoni.

Hakumalizia chai. Mpole ndiye aliyemletea maji, mimi nikiwa nimesimama kama mlingoti. Kwa wasiwasi nilimpitishia mashine mwalimu wa sekondari njia moja kutoka kisogoni mpaka utosini. Nimemwambia ni mtindo mpya. Kaomba kofia.

Alhamisi, tarehe 7

Baba mkwe hakuja kazini. Haijawahi kutokea.

Mke wangu kaenda kumwona, karudi kanikazia macho. Anasema baba yake amelala ameelekea ukutani na hataki kula. Kamwomba ampigie pasi shati jeupe na suruali nyeupe, kesho avae, ili kijana wa watu asistaafu bila mtu wa kumuaga kwa heshima.

Nilitaka kwenda kumwambia kila kitu. Nilifika mpaka kwenye geti lake, kweli kabisa, nikashika komeo. Halafu nikafikiria Mpole akiwa na funguo, na mito sita, na mimi nikimwomba ruhusa ya kwenda kunywa chai. Nikarudi.

Ijumaa, tarehe 8

Nitaandika kwa kifupi. Hapana, siwezi kwa kifupi.

Saluni ilijaa mpaka mlangoni. Baba mkwe mbele, kavaa nyeupe tupu, funguo kaziweka kwenye paja. Mke wangu kakaa nyuma yake. Mzee hakuniuliza leo naona nini. Alijua.

Bwana Harusi akaingia, akakunja suti. Baba mkwe akasimama kwa magoti yale, akamsalimia kwa kuinamisha kichwa. Dakika ya nne, kofia ya manjano ikazimia juu ya bisi. Saluni nzima ikaguna. Baba mkwe akageuka kuniangalia. Dakika ya saba, kiatu. Cha kushoto! Watu wakanisogelea kidogo, mmoja akanigusa bega kama anachukua baraka. Nikajisikia vizuri sana, nakiri. Kiti. Moja, mbili, tatu. Mkanda juu. Baba mkwe akaficha uso kwenye viganja, na mimi, Mungu anisamehe, nikaangalia funguo.

Kumbe haijaisha!

Refa kapata kiatu chake. Katika kukivaa akakiona kile kiti, kimepinda, bado kinatikisika. Akamwangalia Mzigo. Akamnyang'anya mkanda. Akaamuru mechi irudiwe hapohapo! Bwana Harusi akainuka kama mtu aliyeitwa jina lake, akambeba Mzigo mzimamzima, akambwaga. Moja. Mbili. TATU!

Sijawahi kusikia kelele vile. Baba mkwe alikuwa anaruka. Na magoti yale! Alimkumbatia Mpole, akamkumbatia binti yake, akakumbatia kiti. Nami nilishangilia pia, kwa sekunde kama tano. Halafu nikakumbuka nilichotabiri.

Mpole akaongea. Maneno mengi kuliko yote aliyosema mwaka huu, tena kwa upole, bila kebehi. Akauliza, mtu aliyeiona rangi ya kofia na kiatu cha mguu upi, imekuwaje akamkosa mshindi?

Nikasema kulikuwa na ukungu. Mke wangu akafumba macho. Nikasema macho ya ndani nayo yana siku zake. Nikasema povu. Sijui kwa nini nilisema povu.

Baba mkwe si mjinga. Alikaa chini. Akahesabu kitu kwa vidole, siku za wiki nadhani. Akaniuliza taratibu kama mguu wa dada yangu una televisheni.

Nikamwambia. Yote, mbele ya watu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema:

"Kwa hiyo wiki zote hizo nimesimama hapa nampigia kelele ainuke, mwanangu inuka, kumbe alikuwa ameshainuka siku nne nyuma, kaoga, kaenda kwao? Na wewe umekaa pembeni yangu, unajua, unaniacha nisimame?"

Akampa Mpole funguo. Mpole akazipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi, tarehe 9

Aibu. Nimenyoa vichwa vitatu, sikusema neno kwa mtu yeyote. Mteja mmoja alikaribia kusinzia.

Mezani nimehamishiwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Mdogo wa mke wangu kakaa upande wa kulia. Baba mkwe kala vizuri, ila hakuniangalia. Nilidhani nitazililia funguo, lakini ninachokiona kila nikifumba macho ni yule mzee kasimama na nguo nyeupe, anamuinamishia kichwa mtu aliyemaliza kazi yake tangu Jumatatu. Mke wangu hakunisuta. Amenimiminia chai tu, nikaona heri angenisuta.

Jumatatu, tarehe 11

Sikuamini! Saa nane mchana Baba mkwe kagonga mlango, kavaa viatu vya kutokea. Kasema nimpeleke. Wapi, Baba? Kwa ule mguu wa dada yako, akasema.

Njiani tulimchukua seremala pia, maana bila yeye tusingepita mlangoni. Baba mkwe alimpelekea Dada fimbo nzuri ya kutembelea, aliyokuwa ameshainunua zamani kwa huruma. Dada aliniangalia, akaiangalia fimbo, akaiangalia miguu yake miwili. Halafu, Mungu ambariki, akachechemea kwenda kuipokea! Kachechemea jioni nzima. Nitamlipa wema huo siku moja.

Tulitazama wote, shemeji, Dada, seremala na nyundo yake. Mzigo anataka kisasi na kaja na kaka yake, mkubwa kuliko yeye. Maoni yangu ni kwamba ukoo huo unahitaji kuchunguzwa. Sikujua nani atashinda. Miaka miwili sikumbuki kutojua mbele ya Baba mkwe. Bwana Harusi alipolazwa chini mzee akanishika mkono, kaukaza kweli, tukapiga kelele pamoja ainuke. Akainuka! Baba mkwe akacheka mpaka machozi. Akaniambia hivi ndivyo alivyotaka siku zote, tusijue wote wawili.

Nilimwomba msamaha palepale, safari hii bila kufumba macho. Akasema yameisha. Kuanzia sasa kila Jumatatu tutakuja wote. Pengine, akasema, kiti changu cha mezani kitasogea kidogokidogo.

Wakati wa kurudi tulisimama kwa fundi simu, kioo cha simu yangu kimepasuka tangu siku ya ndoo. Baba mkwe akabaki nje anasalimiana na mtu. Fundi alikuwa anacheka peke yake juu ya kaka yake Mzigo. Nikashangaa, mbona amekiona kipindi, kwa Dada kimeisha dakika ishirini tu zilizopita! Akasema yeye hupata Ulingo wa Moto kwenye simu, moja kwa moja kutoka huko wanakopigana, na hiki alikiona tangu Jumamosi mchana.

Jumamosi! Siku mbili kabla ya Dada!

Nilichungulia nje. Mzee alikuwa bado anamsimulia yule mtu jinsi Bwana Harusi alivyoinuka, mikono juu, uso unang'aa.

Nimemuuliza fundi Jumamosi anafungua saa ngapi.