Kibanja Kisicho na Majirani

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Nimegundua sayari! Saa nne na robo asubuhi, chumba cha walimu, sina kipindi.

Nyota inafifia kidogo, kisha inarudi kung'aa. Zinapita siku kumi na tatu na kitu, inafifia tena. Mara nne! Maana yake kuna kitu kinaizunguka, na kikipita mbele yake kinaukinga mwanga. Sijatazama juu hata mara moja. Darubini iko huko huko angani, inapiga picha yenyewe, na kumbukumbu zake zinawekwa mtandaoni bure kwa kila mtu. Mama mwenye nyumba wangu hapa Kagondo, Bukoba, bado anashangaa ni mtu wa nyota gani huyu anayelala saa tatu.

Hilo la "kwa kila mtu" ndilo linalonitoa jasho. Je, kama kuna mwingine anaitazama sayari yangu sasa hivi? Nimeamua simwambii mtu yeyote.

Nimemwambia Lilian wakati wa chai. Lilian anafundisha jiografia hapa shuleni, na Mungu akijalia nitamwoa. Akauliza kama nimemwonyesha mtu anayejua. Anayejua! Mimi mwalimu wa fizikia ni nani?

Jumamosi naenda Muleba kwa baba yake, Ta Rugambwa. Nasikia Kamala, bwana shamba, naye ameanza kupita pale kila wiki akisingizia mnyauko wa migomba.

Jumatano, 20 Novemba

Nimemwandikia Hellen. Tulisoma naye chuo Dar, sasa ni daktari wa mambo ya nyota. Nikabonyeza tuma, nikaganda. Ataiiba! Nikaandika barua pepe ya pili kumwomba asifungue ya kwanza. Ya tatu kumwomba radhi kwa ya pili. Hajajibu hata moja. Basi ameshaiiba.

Jamali wa duka la kuchapisha amenitolea mchoro. Akautazama ule mstari unaopanda na kushuka, akanipa pole kwa sauti ya chini, akauliza kama moyo ulianza kunisumbua zamani. Hakutaka malipo. Nikamwambia ulianza mwaka jana.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandikia ndani ya basi la kurudi Bukoba. Mwandiko huu mbaya si wa barabara, ni wangu.

Nafika kwa Ta Rugambwa, Kamala yupo! Kashika kiti kizuri, anatafuna na mzee buni za kukaribishia wageni, na jikoni kuna sato aliyemleta kutoka kisiwani Bumbire, mrefu kama mkono wangu. Mimi nimeleta karatasi.

Mzee hakuzunguka. Alisema mwalimu hustaafu, kibanja hakistaafu. Baba yangu aliwagawia kaka zangu migomba na kahawa, mimi nikasomeshwa. Sasa binti yake atasimama wapi? Na mimi nitazikwa wapi?

Nilikusudia kusema kwamba mimi ni mtafiti. Nikajisikia nikisema kibanja ninacho. Kikubwa. Kinazidi Bukoba, Muleba na ziwa lote. Nikaufungua mchoro.

Akavaa miwani, akauliza mipaka yake. Nikasema hakina. Akauliza milamula, ile mimea ya mpaka, imepandwa wapi, maana huku kwetu shamba lisilo na mstari wa milamula kila mtu atasema ni lake. Nikasema haihitajiki, hakuna jirani hata mmoja.

Hapo akaacha kutafuna. Ta Rugambwa ana kesi ya mpaka na jirani yake Rutaihwa, mwaka wa kumi na moja huu, kwa ajili ya milamula mitano. Akarudia polepole: hakuna majirani. Akamwita mkewe aje asikie. Kamala akauliza huko mvua za vuli huanza lini. Kijicho tu.

Ningenyamaza hapo. Sikunyamaza. Niliahidi kwamba sayari itaitwa Rugambwa. Mzee akasema Jumapili ya tarehe moja atalitangaza jina hilo mwenyewe kanisani, usharika mzima usikie, kisha nilete watu wa posa. Kamala aliondoka bila kumwonja sato wake. Nimeshinda!

Jumanne, 26 Novemba

Hellen amejibu. Barua ndefu, ya upole, ndiyo maana inauma.

Anasema darubini ile inaizunguka Dunia. Kila baada ya siku kumi na tatu na kitu inasogea karibu kututumia ilichokusanya, na inapokaribia, mwanga wa Dunia unaingia kwenye picha na kuvuruga hesabu. Nyota yangu haikufifia hata mara moja. Kilichoacha alama kwenye mchoro ni Dunia. Kosa hili humpata kila anayeanza, anasema, nisivunjike moyo, ila siku nyingine nimwonyeshe kabla ya kumwambia mtu.

Nimegundua Dunia. Kwa mchoro wa rangi! Na nimeshampa mzee wa watu.

Sijala tangu mchana. Lilian ameuliza nina nini, nimesema malaria.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimempigia Ta Rugambwa nikamwambia utafiti huu ni siri. Akanijibu nisiwe na shaka, waitu, yaani mtu wa kwetu, amewaambia watu wa kuaminika tu: wazee wa kanisa, chama cha kahawa na mwanasheria wake.

Nikampigia katibu wa usharika, nikajitolea kusoma matangazo ya Jumapili. Akauliza mimi ni msharika wa wapi. Nikakata simu.

Ukabaki ukweli. Niliufikiria karibu dakika nzima.

Kisha msiba. Barua ya Hellen niliiacha wazi kwenye kompyuta ya shule, Lilian akaisoma yote. Hakupaza sauti. Alisema baba yake anaweza kumsamehe mjinga, lakini aliyemwaibisha kanisani hatamsamehe. Niende Jumamosi nikaseme kwa mdomo wangu, au siku ya posa nisimtafute. Akachukua chaki zake akaenda darasani. Nilijifungia stoo ya maabara, nikalia. Nampenda mno huyu mwanamke.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimetubu. Ila kwa mpango!

Mulamula ni mpaka, lakini pia ni suluhu: mwenye kosa akija ameushika, mzee hamfukuzi. Nilisahau kuubeba kutoka mjini. Nikauona mmoja mzuri pembeni mwa kibanja cha Ta Rugambwa, nikaung'oa na mizizi yake, kuongeza heshima.

Nikapiga magoti uani, nikasema yote. Hakuna sayari, hakuna kibanja, ni Dunia tu. Mzee hakunitazama mimi. Aliutazama mulamula. Akauliza kwa sauti ndogo nimeutoa wapi.

Ulikuwa mmoja wa ile mitano. Na baraza la ardhi linakuja Jumatano kukagua mpaka!

Sijawahi kuona mzee wa miaka sabini akikimbia. Shimo lilikuwa limeshafukiwa na mvua iliyomwagika wakati natubu. Tukaurudisha kwa kukisia, yeye akipima kwa hatua, mimi nikichimba kwa vidole. Rutaihwa akachungulia kwenye migomba yake, akauliza kulikoni. Ta Rugambwa akamjibu kwamba mkwe wake anajifunza kulima. Mkwe! Moyo ulinipasuka kwa furaha.

Tulipokaa, pumzi ikamrudia, akacheka hadi machozi. Tangazo amelifuta. Posa nilete baada ya Krismasi, watoto wake wote watakapokuwa wamerudi nyumbani. Masharti mawili: la kwanza, habari ya mulamula tuzikwe nayo. La pili, nisimletee sayari nyingine kabla Hellen hajaiona. Lilian, aliyesimama mlangoni, akaongeza: na yeye Lilian aione kwanza. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumatano, 4 Desemba

Nimepata nyingine!

Nyota tofauti kabisa. Wala haihusiani na zile siku kumi na tatu za Hellen, nimehesabu mara mbili. Hii inafifia kila baada ya siku ishirini na saba na kitu. Ishirini na saba! Ni kama mara mbili ya zile, basi si zile.

Niliapa, najua. Lakini Hellen huchelewa kujibu, na Lilian ana mitihani ya kusahihisha, sitaki kumsumbua. Mzee akisikia kwanza kutoka kwa Kamala je? Nimemwandikia barua, nimempa kondakta wa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nimemweleza kwamba hii nayo haina majirani, na kwamba huko hatutahitaji kurudishia mulamula kwa kukisia kama tulivyofanya Jumamosi.

Miwani ya mzee ni ya zamani, kwa hiyo nimemwomba kondakta amsomee kwa sauti. Tena leo ni siku nzuri. Baraza la ardhi lote litakuwa limekaa pale uani, na Rutaihwa pia. Watasikia wote.