Permi ya Kasimu Iliyokwishia Kivukoni

Mutukufu Bwana Administrateri wa Teritwari, ambaye hayuko hapa kwa sababu za kazi, za jua kali, na za kutoambiwa. Mutukufu Padri Mukubwa wa Misioni, ambaye naye hayuko lakini kiti chake kimekaliwa na mupishi wake kwa heshima ileile. Waheshimiwa mashehe na walimu wa musikiti, ambao mumeketi mbele kwa kuwa mulifika mapema, tofauti na sisi Wakristo tuliokuwa bado tunatafuta viatu. Wanyampara wa reli. Mabaharia wa masua. Wavuvi wa Lokandu mulioleta samaki wenu mpaka ndani ya sherehe, harufu tumeipokea. Akina mama wa Kailo pamoja na muchele wenu. Bwana Askari Amuri, nakuona, legeza kidogo huo mukono kwenye bega la mutu wakati maneno ya Leta, serikali yetu, yanasemwa. Na wewe mwenye bega, Kasimu wa Ujiji, shofere, mugeni wetu, bwana wa dada yetu Jamila: salamu, amani na maendeleo! (Makofi. Mupishi wa Padri anainama kama Padri.)

Mimi niliye mbele yenu, Isidore, Karani wa Kwanza wa Biro ya Teritwari, niliyevaa koti hili la sufi chini ya jua hili kwa mapendo yangu kwenu, nina furaha isiyo na mupaka ya kufungua rasmi, leo, hapa, bandarini Kindu, Servisi Kuu ya Kuwarudishia Upya Wageni Wakaaji Permi Zao za Kuendesha Motokari, ambayo kwa kifupi tutaiita Servisi Kuu ya Kuwarudishia Upya Wageni Wakaaji Permi Zao za Kuendesha Motokari, maana Leta haina haraka. (Kicheko. Sauti: "Muchele njo uko na haraka!")

Mama Scholastique, nimekusikia, utajibiwa mahali pake katika programu.

Ndugu zangu, mambo ya serikali hayafanywi kwa kubahatisha, yanafanywa kwa statistiki. Komisio ya uchunguzi, ambayo mwenyekiti wake nilikuwa mimi, karani wake mimi, na mwanachama wa kupinga alikuwa bibi yangu Odile, ilihesabu wageni wote wa teritwari hii walioletwa na Mungu pamoja na permi za ng'ambo ya mupaka, ikajumlisha, ikatoa, ikajumlisha tena, ikapata jumla kuu ya Kasimu. Na kati ya hao wote, wale ambao permi zao zimekwisha ni mia kwa mia! Hakuna teritwari nyingine katika Kongo nzima iliyofikia hesabu hiyo. (Makofi makubwa. Mwanamuke mumoja: "Kasimu, umekuwa kabila!")

Wale waliofika sasa hivi kwa kufuata kelele, niwaeleze. Kasimu alizaliwa Ujiji, upande wa Waingereza, akapewa kule permi ya kuendesha, akaja nayo kwetu, akaoa kwetu, akala wali wetu mpaka shati likambana. Lakini sheria inasema kwamba permi ya mugeni inakwisha kama mushumaa, na mugeni anapashwa kuirudishia upya kabla moto haujazimika. Mugeni bila permi hana kazi; mugeni bila kazi hana ruhusa ya kukaa; na mugeni bila ruhusa ya kukaa anapanda treni ile munayoisikia ikinywa maji pale stesheni, mpaka Albertville, anavushwa ziwa, anarudi kwao, hata kama nyuma anaacha bibi mwenye mimba. (Jamila: "Kwao wapi, Baba Karani? Kwao si pale ninapopika?") Swali zuri sana, binti yangu. Limepokelewa na Leta, na Leta italitafakari.

Na mushumaa huo ulizimika lini? Niwaambie kwa siri, sisi kwa sisi, pamoja na wale waliopanda juu ya mavagoni kule nyuma: ulizimika leo adhuhuri, katikati ya Lualaba. Maana biro ya Leta inafunga adhuhuri, na permi haiwezi kuishi zaidi ya biro yake. Kamyo ya mizigo ya Kasimu ilipanda kivuko ng'ambo ikiwa na muchele wa Kailo unaongojewa na masua, na permi nzima. Ikafika upande huu ikiwa na muchele uleule na permi maiti. Gatini anangoja Amuri, mwaminifu kama kengele ya misa, anasema: "Ukiwasha mashini, Kasimu, jela." Mutu wa kivuko naye anasema: "Shuka, kuna wengine." Huyu anakataza kwenda, huyu anakataza kukaa, na Kasimu pale kati anashika volani kama mutu anayeshika rozari ya dini nyingine. (Kicheko upande wa musikiti.)

Hapo njo hekima ya biro yetu ilipoonekana, na nasema hivi bila kujisifu, maana kazi ya kunisifu mutaifanya ninyi. Nilikumbuka namna wakubwa wa Leta walivyotembea zamani katika nchi hii, kutoka Kabambare mpaka Pangi, wameketi juu ya tipoi, mabegani mwa baba zetu. Nawauliza: bwana aliyebebwa kwenye tipoi alikuwa anaendesha? (Wote: "Hapana!") Kuna askari aliyemuuliza permi? ("Hapana!") Alijua hata njia? ("Hapanaaa!") Basi nikatangaza, kwa uwezo niliojipa, kwamba kamyo ya Kasimu, mashini ikiwa imezimwa, siyo tena motokari, njo tipoi, kwamba Kasimu ndani yake siyo shofere, njo mubebwa, na ninyi muisukume. Na mukaisukuma kutoka gatini mpaka hapa! Mama Scholastique mbele akianzisha wimbo wa wapiga kasia, wavuvi nyuma wakiitikia, mashehe wameshika upande huu, wanakwaya wa misioni upande ule, mpaka mubebwa mwenyewe akasahau cheo chake, akapiga kleksoni kufukuza mbuzi. (Amuri: "Tipoi haina kleksoni!") Haina, Bwana Amuri, haina, jambo hilo litachunguzwa na komisio ndogo.

Sasa tutazame mbele. Chini ya Servisi hii mugeni mukaaji hatateseka tena. Ataingia kwa mulango wa kwanza, wa kungojea; kutoka hapo atapita mulango wa pili, wa kuwangojea wale wanaongojea kwenye mulango wa kwanza; kwenye mulango wa tatu kutakuwa na ekspere wa macho, atakayemwonyesha masua iliyo mbali mutoni na kumuuliza inabeba nini, na mugeni akijibu sawasawa ataulizwa alijuaje. Mbuzi wote wa Kindu watafundishwa kupita upande wa kuume. Kila mutumbwi utapata freni ya kuusimamisha. Hata kuku, ndugu zangu, hata kuku hatasahauliwa katika plani hii! (Vigelegele. Mutu wa Lokandu: "Freni ya mutumbwi tunaifunga wapi, Baba?") Mahali ambapo ulikuwa unafunga ujinga wako! (Kicheko kirefu, mwenye kuuliza anapigwa mugongoni na wenzake.)

(Kasimu anainua mukono. "Baba Karani, kwa heshima yote, mimi sihitaji milango mitatu. Nahitaji mutu mumoja wa kutia saini. Treni iko karibu.") Kijana wangu, saini ni mwisho wa mambo, na wewe unataka mwisho kabla ya hotuba. Vumilia. Ayubu alivumilia, na yeye hakuwa hata na kamyo.

Nilikuwa nasema kuhusu kuku. (Treni inapiga filimbi. Watu wanageuka. Jamila anamushika bwana wake mukono ule mwingine. Amuri: "Bwana Karani, treni inaita. Nimupeleke ao nimuache?")

Bwana Amuri, wewe ni mutu wa sheria, basi sikia sheria. Mugeni ambaye shauri lake liko mbele ya Servisi hafukuzwi mpaka Servisi imukatalie. Kasimu, unaomba permi yako irudishwe upya? (Kasimu: "Naomba tangu adhuhuri!") Umati, mumesikia ameomba? ("Tumesikiaaa!") Basi shauri limefika mbele ya Servisi. (Amuri: "Na Servisi iko wapi, niende niulize kama inamukatalia?")

Hapo, ndugu zangu, nafika kwenye shukrani, na shukrani haikatizwi.

Namushukuru Gérard, fundi wa kujenga, ambaye angeijenga Servisi hii kama angepata matofali. Nayashukuru matofali, ambayo yangefika kama yangechomwa. Nawashukuru wachomaji, ambao wangechoma kama wangeambiwa. Namushukuru ekspere wa macho, ambaye angetoka Stanleyville kama angejulikana ni nani. Namushukuru zaidi Bwana Administrateri, ambaye angeikubali Servisi hii kwa moyo wote kama angejua kwamba iko, ao kama ingekuwako, maana, kati yetu, jirani zangu, plani hii nzima Mungu aliniwekea moyoni leo adhuhuri, nilipomuona Jamila amesimama gatini na tumbo lake, na Amuri anangoja, na mimi mukononi sina kitu chochote cha Leta isipokuwa kinywa. (Treni inasikika ikivuta, ikivuta, ikienda. Amuri anaitazama njia ya reli. Anatazama mukono wake. Anauondoa.)

Nawashukuru masikio yenu, yaliyodumu muda uleule wa treni kujaza maji. Kesho nitaungama, wewe mupishi, usimwambie Padri kabla yangu. Shauri la Kasimu litabaki mbele ya Servisi, na Servisi haitamukatalia kamwe, hata mutoto wake azaliwe, abatizwe ao asomewe dua, aote meno, aoe! (Vigelegele. Kofia zinarushwa. Mama Scholastique: "Na muchele, Baba?") Na muchele! Masua ingali inapakia. Mugeni mukaaji, juu! ("Juu!") Servisi, juu! ("Juu!") Wasukumaji wa Leta, maendeleo! ("Mbele!") Basi asanteni, asanteni sana, kwa kuja kwa wingi namna hii kufungua kitu ambacho hakiko. Bwana Amuri, wewe uko na mabega mazuri: sukuma tipoi yetu mpaka masua, upande wa kushoto.