Dakika Saba Nyuma

Jumamosi, 18 Januari

Kiti kimoja kiko wazi! Mzee Poma amefariki (Mungu amweke anapostahili), na Baraza la Waovu wa La Paz linatafuta wa kushika nafasi yake. Wagombea tuko wawili. Mimi, Wenceslao Ticona, miaka arobaini na sita, mwenye uwezo wa kurudisha nyuma saa yoyote ya mishale kwa dakika saba. Nalamba dole gumba, naikazia macho, basi. Za simu siziwezi. Nimejaribu, nikaambulia kuumwa kichwa.

Mwenzangu ni Hilarión Callisaya, anayefungua kamba za viatu vya watu akiwa umbali wa hatua ishirini. Huo nao ni uovu? Kwa ajili yake nimeanza kuvaa ndala, na mvua ya Januari haina huruma.

Dada yangu Casilda, ninayeishi kwake, ana banda la supu sokoni. Amesema nikikosa kiti safari hii ndiyo basi: Jumamosi ijayo naanza kumenya viazi vyake, kila siku hadi saa kumi. Nimecheka. Peke yangu.

Jumapili, 19 Januari

Mwenyekiti wetu, Bi Saturnina, katuita. Huyu ndiye mwovu wa kweli: akipiga mwayo, umeme unakatika mtaa mzima. Amepiga miayo miwili kabla sijamaliza kujieleza. Tukaendelea gizani.

Shindano ni hili. Ijumaa ni sikukuu ya Alasita, siku ambayo mji mzima hununua kwa udogo kile unachokitaka kwa ukubwa: kijumba, kigari, kicheti cha shule. Mganga akikibariki kwa moshi saa sita kamili mchana, mwaka haupiti hujakipata. Sisi tutaleta kila mmoja kijikiti chake. Ambaye chake kitafukiziwa na mganga saa sita kamili, ndiye mjumbe. Mapema hapana, kuchelewa hapana. Simu marufuku, kama kawaida ya Baraza, tangu mjumbe mmoja alipopigiwa na mama yake akiwa kabatini kwa watu.

Shindano la saa! Na Hilarión anayo ya babu yake, ya mfukoni, ya mishale. Nimetembea hadi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 21 Januari

Uwezo wangu una sharti: lazima niuone uso wa saa. Nimemwuliza Hilarión saa ngapi. Akatazama jua, akasema saa nne. Baada ya robo saa nikamwuliza tena. Akatazama jua. Mara ya tatu mvua ilishaanza, nikajua sasa ataitoa. Akamwuliza mpita njia.

Kisha akaniuliza kama niko salama, maana napenda sana kujua saa, na vidole vyangu vya miguu vimekuwa vya bluu. Akataka kunipa soksi zake. Nimezikataa kwa dharau. Nilizitamani.

Alhamisi, 23 Januari

Nimenunua kijikiti. Cha mbao, mto mwekundu, kinakaa kiganjani. Nimekaa nacho asubuhi nzima nikifanya mazoezi ya kuonekana mkatili. Casilda akaniuliza kama tumbo linauma.

Ijumaa, 24 Januari



Uwanja ulifurika. Ilipokaribia saa sita, Hilarión akaitoa saa yake hatimaye. Nikalamba dole. Nikakaza macho. Saba nyuma, safi! Nikamwona anatulia, anakwenda kununua barafu ya mdalasini.

Kengele za kanisa zikalia. Umati mzima ukanyanyua vijumba juu, mganga akakifukizia kijikiti changu, akakinyunyizia pombe na maua. Nikamkimbilia Bi Saturnina nacho, bado kinafuka moshi. Hilarión yuko palepale, analamba barafu.

Bi Saturnina akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia kengele zimelia, Mama, dunia nzima imesikia.

"Tangu lini waovu tukafuata kengele ya padri?" akasema.

Akamgeukia Hilarión, mwenye saa peke yake kati yetu. (Mimi sina. Zote niliziharibu kwa mazoezi.) Hilarión akatazama, akasema saa sita kasoro dakika tano. Basi, akasema Bi Saturnina, kijikiti cha Ticona kimefukiziwa mapema. Hakifai.

Nikakiri. Nikatoa kifua mbele: saa hiyo nimeichezea mimi, na huo si ndio uovu wenyewe? Akapendezwa. Nilimwona kabisa akipendezwa. Akataka nimwonyeshe.

Nikalamba dole, nikamwonyesha.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Hilarión akanishukuru kwa muda wa ziada. Akamaliza barafu, akanawa mikono, akachagua mganga mzuri zaidi. Mshale ulipofika, kijikiti chake cha plastiki kikafukiziwa. Bi Saturnina akausifu sana uchawi wangu, kisha akamkumbatia mjumbe mpya.

Nimeumia. Sitaki kuficha, nimeumia.

Jumamosi, 25 Januari

Viazi.

Mchana Casilda akanitolea zawadi yake ya Alasita. Kibanda kidogo cha supu, kizima na visufuria vyake, ndani watu wawili: mwanamke, na mwanamume mwenye ndala. Kila mtu hapa anajua cha kupewa kina nguvu kuliko cha kujinunulia. Alikibariki jana kengele zikilia, saa sita ya kweli, ya padri. Akasema tangu mumewe afariki amechoka kusimama bandani peke yake, na hakujua aniombeje bila mimi kuanza habari za Baraza.

Nikalia. Nikasingizia vitunguu.

Lakini nikafikiri vizuri: baraka hiyo ikitimia, ni viazi maisha yangu yote. Kama baraka ilishuka saa sita, si ni suala la muda tu? Saa ikirudi nyuma, na baraka itarudi ilikotoka. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, karibu nimalize kazi. Nikalamba dole.

Kasoro dakika kumi na mbili. Dada akatazama ukutani, akaona muda bado upo, akanimwagia karai jingine.

Nimejaribu tena. Kasoro dakika kumi na tisa.